Sauti Nyuma ya Kabati

Nyakato, Mwanza
Jumapili ya mwisho ya Novemba

Mdogo wangu mpendwa Apolinary,

Pokea kwanza marahaba yangu, kwa kuwa shikamoo yako naisikia hata kabla hujafungua bahasha hii. Mimi ni mzima. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mvua za vuli zimeanza, vumbi la Nyakato limekuwa tope, na ziwa kutoka hapa mlimani linaonekana la kijivu kama sufuria ya zamani. Ninyi huko Kamachumu mnaendeleaje? Wifi yangu Suzana amepona kile kifua? Na mnyauko wa migomba umeishia kwa jirani, au umevuka mfereji ukaingia kwako? Nimesikia kahawa imezaa vizuri mwaka huu, nikamshukuru Mungu kwa niaba yako, maana najua wewe hushukuru baada ya kuuza.

Utajiuliza kwa nini dada yako anakuandikia karatasi wakati simu ipo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu wewe hunikatiza, na mtandao ukisumbua unasema ni mimi niliyekukatia. Karatasi haikatizwi. Naomba uisome ukiwa umekaa, tena usirukie chini kutafuta kilichotokea. Ukiruka hutaelewa, na jambo hili nataka ulielewe, kwa sababu linamhusu mwanao Rachel.

Hajapata ujauzito. Hajafukuzwa chuo. Nimetanguliza hayo ili upumue.

Unajua kwamba nilipostaafu kufundisha fizikia, chuo anachosoma Rachel kiliniomba niwashike mkono wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo la kompyuta. Muhula huu tulikuwa kwenye vifaa vya kuingizia na vifaa vya kutolea. Maneno hayo yasikutishe, mambo yenyewe unayajua tangu utoto. Ikumbuke mashine ya kukoboa kahawa pale chama cha msingi. Juu kuna mdomo unapomimina kahawa ya maganda, chini kuna bomba unapokinga gunia. Kompyuta nayo ni hivyo. Kibodi, kipanya, kamera na maikrofoni ni midomo ya juu. Humo tunamimina maneno, picha na sauti. Skrini, printa na spika ni mabomba ya chini. Katikati kuna kazi inafanyika ambayo macho hayaioni. Nilipowaeleza hivyo, kijana mmoja wa Igogo anayeitwa Chenge, ambaye hawezi kumaliza kipindi bila kuchekesha watu, aliuliza kama mwenye nyumba wake naye ni kifaa cha kuingizia, kwa sababu kila mwezi anapokea na hajawahi kutoa hata balbu. Nilimwambia jibu ni sahihi ila asithubutu kuliandika kwenye mtihani.

Namna tunavyofundisha siku hizi inaitwa ujifunzaji mseto. Kompyuta za chuo hazitoshi na umeme una tabia zake, kwa hiyo nusu ya somo naiandaa nyumbani. Naning'iniza kanga dirishani kupunguza kelele za kiwanda, naegemeza simu kwenye debe la unga, najirekodi nikieleza, kisha naandika maneno muhimu chini ya kila picha. Ijumaa wanafunzi wanapakua somo kwenye simu zao. Wanalitazama wanakotaka, wanalirudia wanavyotaka, wanajibu maswali humo humo. Jumatatu tunakutana darasani, wanashika vifaa kwa mikono yao, nami nauliza kwa mdomo. Nusu moja inaisaidia nyingine. Karibu wote wanafanya vizuri zaidi darasani kuliko kwenye simu, kwa sababu darasani kuna mwenzako wa kukunong'oneza.

Rachel alikuwa kinyume. Somo la kwenye simu alilijibu lote bila kosa, tena kwa maelezo ambayo hata mimi nisingeyapanga vizuri hivyo. Jumatatu, nikimuuliza jambo lile lile huku nikizunguka kati ya madawati, alinitazama, akatabasamu, akasema hajui. Siku nyingine alijibu swali ambalo nilikuwa nimemuuliza mwenzake kabla yake. Wanafunzi wakaanza kuguna. Wakamwita Mtoto wa Shangazi, na utani ule ulikuwa na miiba, maana walichokuwa wanasema ni kwamba majibu ya nyumbani anayapata kwangu.

Mkuu wa idara yetu, Mwalimu Masalu, ni kijana wa Kisukuma mwenye adabu sana. Alikuja kwangu akaniamkia, akasifia mvua, akauliza habari za goti, na ndipo akasema kwamba mama, samahani, watu wanaongea. Alisema yeye haniwazii mabaya, lakini utaratibu wa chuo ni kwamba mwanafunzi akithibitika kufanyiwa kazi na mtu mwingine anaondolewa, hata akiwa mpwa wa nani. Akaomba amhoji Rachel mwenyewe mbele yangu. Nikakubali. Masalu ana kawaida ya kufikiri akitembea. Aliuliza maswali yake akielekea dirishani, akitazama nje, kalamu ikiwa mdomoni. Rachel alikaa kimya kama mtu aliyewekwa mbele ya picha. Tulipotoka Masalu aliniambia pole. Kikao cha nidhamu kilipangwa.

Nikamwita Rachel nyumbani. Tulikaa jikoni, nikimtazama usoni, tukimenya ndizi. Nikamuuliza nani anamjibia. Alisema hakuna, shangazi, ninajua mwenyewe. Nikamuuliza maswali yale yale ya Masalu, na aliyajibu moja baada ya jingine bila kuacha kumenya. Sasa ndipo nikakasirika kweli, Apolinary. Nikawaza maneno yako kuhusu siku ya kipaimara cha mdogo wake: kwamba ulimwita mbele ya Padri na wazee aje awaamkie wageni, ukamwita tena, akapita na beseni lake akikupa mgongo, watu wakatazama chini, kwamba chuo kimemwotesha mapembe, kwamba asikanyage kwako mpaka aje apige magoti na kuomba msamaha. Nikasema moyoni kwamba kumbe baba mtu ana haki, huyu mtoto ana kiburi, anajibu anapotaka na kwa anayemtaka.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu ya spika. Mimi sipendi kufundisha kifaa cha sauti kwa kukionyesha tu, kama vile mtu anayefundisha pilipili kwa picha. Nilificha spika nyuma ya kabati la vitabu, mwisho wa darasa, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya mrefu. Nikawaambia wafumbe macho ili asiwepo wa kumwigiza mwenziwe. Nitatoa mlio, mdogo kwanza kisha mkubwa. Kila mmoja ainue mkono anapoanza kuusikia, na aushushe unapokoma. Nilitaka waone kwamba masikio hayalingani, na kwamba fundi wa sauti lazima alijue hilo.

Mlio ulianza. Mikono ikainuka, mmoja hapa, mwingine pale, mpaka darasa zima likawa kama shamba la mtama. Nikaongeza sauti. Ikafika mahali ambapo mtu wa barabarani angeweza kuusikia. Rachel alikuwa amekaa mbele kabisa, amefumba macho kwa utii, mikono yake yote miwili mapajani, akingoja.

Nilizima. Mikono ikashuka. Yeye bado alikuwa anangoja.

Chenge alifumbua macho, akasema jamani Mtoto wa Shangazi amelala, na watu wakacheka. Kicheko kile hakukisikia, nadhani alikihisi kwenye dawati. Akafumbua macho, akazungusha shingo haraka, akasoma nyuso za wenzake, akainua mkono na kutabasamu. Tabasamu hilo nimeliona miaka mingi. Nililiona kanisani, nimeliona sebuleni kwako, nililiona mbele ya Masalu. Siku zote nililiita dharau.

Niliwaambia waje wote waguse spika ikiwa inalia, wahisi jinsi inavyotetemeka, kwa kuwa sauti si kitu kingine ila mtetemo. Waligusa, wakachekeshana, wakarudi kukaa. Rachel alibaki ameweka kiganja chake pale mpaka nikamshika bega.

Baada ya kipindi nilimpeleka ofisini, nikamkalisha anitazame, mwanga ukiwa usoni kwangu mimi. Nikamuuliza tangu lini. Alilia kwanza, na mimi nikamwacha alie, maana kilio hicho kilikuwa na umri mkubwa. Kisha akaniambia kwamba ilianza baada ya ile homa kali ya kidato cha pili. Lilitangulia sikio la kulia, la kushoto likafuata polepole. Alijifunza kusoma midomo bila kufundishwa na mtu. Alijifunza kukaa mbele, kucheka wenzake wanapocheka, kutazama mlangoni kila mara asije akaitwa. Mtu akimgeuzia mgongo, anapotea. Lakini somo langu la kwenye simu analisikiliza kwa visikizio, sauti ikiwa mwisho, analirudia mpaka linaingia, na palipo na shaka anasoma maandishi yangu chini ya picha. Alisema ni mara ya kwanza baada ya miaka mingi mwalimu amemfundisha somo zima na yeye akalipata zima.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Hapa naomba uvumilie, mdogo wangu, kwa sababu naandika alivyosema yeye. Alinikumbusha mtoto wa jirani yenu Projest, yule asiyesikia. Watu walipomshauri Projest ampeleke shule ya viziwi, wewe ulisema kwamba huko ni kupoteza dawati, mtoto wa namna ile abaki nyumbani afuge mbuzi. Ulisema ukinywa chai, labda hata hukumbuki. Rachel alikuwa anakumiminia. Wakati huo sikio lake la kulia lilikuwa limekwisha kuziba. Akaniambia, "Shangazi, heri baba aseme nina kiburi kuliko aseme sifai kusoma." Siku ya kipaimara hakukusikia hata mara moja. Alipogeuka na kuona nyuso za watu, alielewa kwamba ameitwa, na akachagua kusimama aonekane mjeuri. Adhabu yako ameibeba tangu siku hiyo kwa sababu ile nyingine aliiona nzito zaidi.

Ndiyo habari yenyewe, Apolinary. Binti yako hana mapembe. Hasikii.

Nimekwenda naye hospitali, daktari wa masikio amempima. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kusaidiwa. Amevishwa kifaa kidogo nyuma ya sikio la kushoto, na alipokivaa jambo la kwanza aliloniuliza ni nini kile kinachopiga kelele kama mahindi yanayokaangwa. Ilikuwa mvua juu ya bati. Mwalimu Masalu nilimweleza baada ya Rachel kuniruhusu. Aliomba amhoji upya, safari hii akiwa amekaa kitini kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, akitamka kila neno. Rachel alijibu yote. Kikao hakikukaa. Wiki jana aliposimama darasani, mwenyewe kwa hiari yake, alivua kifaa kile akawaonyesha wenzake: hapa kuna maikrofoni, sauti inaingia, hapa kuna spika, sauti inatoka, vyote viwili katika kitu kimoja kinachotosha kwenye kiganja. Chenge, ambaye nilijiandaa kumtoa nje, aliomba radhi mbele ya watu, kisha akauliza kama kinaweza kuzimwa mwalimu akirefusha somo. Rachel alimjibu kwamba ndiyo, na kwamba Chenge ndiye atakayezimwa wa kwanza.

Ameniruhusu nikuandikie haya kwa sharti moja, na mimi nimelikubali: nisimwombee msamaha kwako kwa kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo siuombi. Wewe mwenyewe pima ni nani anapaswa kumwendea mwenzake. Najua utaumia, na ukimaliza kuumia usikae sana hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa naye chumba kimoja kila Jumatatu na sikuona.

Atapanda meli wiki moja kabla ya Noeli, atashukia Kemondo asubuhi. Nenda kampokee wewe, usimtume mtu. Pale gatini kuna kelele nyingi na kifaa chake huchanganya sauti zote, basi usimwite. Simama mahali atakapokuona, umpungie mkono. Ukizungumza naye mtazame, usipaze sauti, wala usitafune kitu. Giza likiingia, wekeni taa karibu na uso wa anayeongea. Na wazee wakija kumwona, waeleze wewe kwa kinywa chako, mbele ya wale wale waliotazama chini siku ile.

Nisalimie wifi Suzana, mwambie asijilaumu, mwanawe ni hodari wa kuficha kuliko sisi tulivyo hodari wa kuona. Wasalimie watoto wote, na Projest, na umwambie Projest kwamba ningependa kuzungumza naye kuhusu mwanawe. Mungu awalinde, ashushe mvua ya kiasi.

Jambo la mwisho, na hili nimelipata kwa Rachel nilipomuuliza ni nani nyumbani anamsumbua zaidi kumsoma midomo. Alicheka, akaona haya kulisema. Apolinary, yapunguze hayo masharubu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Bernadetta