Chilangala Sifuri

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Cyril kaja kutoka Masasi na kompyuta yake. Shati limenyooshwa, viatu vyeupe — kwenye vumbi la Mkunya! Ati programu yake imemeza rekodi za miaka mitano: kila gunia, kila lori, kila mvua. Inauigiza msimu mzima wa korosho, halafu inasema magunia matupu na malori yaende wapi, siku gani. Miaka kumi na moja mimi ni karani wa chama hiki cha ushirika, leo nifundishwe na mashine! Nimempa kile kiti kibovu makusudi.

Jumatano, 13 Novemba
Mgao umefika. Mkunya malori manne, na magunia matupu stoo nzima hadi darini. Ya nini yote hayo? Kijiji chetu cha pili, Chilangala: sifuri. Sifuri! Watu wana korosho mpaka uvunguni! Nikampigia Cyril. Ati, Mama Faidha, programu inafuata data tu. Mshenzi. Nimemkatia simu.

Ijumaa, 15 Novemba
Wingu zito. Wifi yangu Zena kapiga simu kutoka Chilangala, analia. Hana gunia hata moja, korosho zote ziko sakafuni, na banda linavuja. Zikilowa zitashuka daraja, zikiota ukungu hazipokelewi kabisa. Jasho lake la mwaka mzima lile. Nikamwambia mchawi wenu ni yule wa Masasi. Nimewaambia na wengine, sokoni na bombani. Nasema kweli, nimeona raha.

Jumapili, 17 Novemba
Mvua. Kutwa.

Jumatatu, 18 Novemba
Cyril kaja na pikipiki, kalowa chepechepe, viatu vimekuwa vyekundu. Shikamoo, mama. Sikuitika. Anataka kuona vitabu vyangu vya mapokezi, vile vilivyoingizwa kwenye programu. Nikavibwaga mezani. Soma ujionee!

Akafungua. Nikaona mwandiko wangu. Yarabi!

Miaka yote mitano korosho za Chilangala nimeziandika chini ya Mkunya. Lori lilianzia kule, likamalizia hapa, nikaona niandike mara moja tu, yaishe. Hapa kila mtu alijua. Kompyuta ndiyo haikujua — nani angeiambia kama si mimi?

Cyril kaweka kidole kwenye mstari, ananitazama. Mara Zena na wenzake hao, kanga zimejaa korosho zilizolowa. Wamezimwaga miguuni pa Cyril. Mzee Anselmo wa Chilangala kamkunja shati, ati huyu ndiye aliyetuua! Maneno yangu yaleyale. Cyril bado ananitazama mimi tu.

Nimesema nafuata kitabu kingine stoo. Hakuna kitabu kingine. Naandika hapa, mlango nimeurudishia. Huko nje kelele zimepanda, Zena anaita, wifi, njoo umwambie huyu mbele yetu!

Nimekaa juu ya magunia matupu. Mapya, hayajafunguliwa hata kamba. Tangu Jumatano yako hapa, na ufunguo ninao mimi.