Kichwa Changu na Mgeni wa Diani

Mjukuu wangu Riziki,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Msambweni tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wa nyanya yako umepoa, na kuku wake mwekundu ametotoa vifaranga saba.

Umeniuliza kwa nini huko Nanyuki unakojifunza kupanda farasi wanakulazimisha kuvaa helmeti, ilhali kichwa ni chako. Umenichekesha. Maneno hayo niliyasema mimi kabla yako.

Nilipokuwa nikiwaongoza wageni kwa farasi ufuoni Diani, kila mgeni nilimfunga helmeti, mimi nikabaki na kofia ya viua, ya kitambaa tu, aliyonishonea nyanya yako. Siku moja mama mmoja wa makamo alinitazama, akaivua helmeti yake.

"Kama wewe unachagua, nami nachagua," akasema.

Nilikasirika, maana akianguka lawama ni yangu. Nikavaa helmeti huku nimenuna, naye akavaa.

Hatukufika mbali. Upepo uling'oa mwavuli wa hoteli, farasi wangu akashtuka, nami nikaangukia mwamba kwa kichwa. Helmeti ikapasuka. Mimi nikainuka, nikajipangusa mchanga.

Yule mama hata jina sikumwuliza, lakini simsahau katika dua zangu.

Sikulazimishi, Riziki. Kichwa ni chako kweli. Ila ile helmeti nyanya yako hajakubali itupwe mpaka leo. Ndimo alimoatamia yule kuku mwekundu, na kila nyanya yako akienda kuwatazama vifaranga, hunipitia kwanza akanipapasa kichwa.

Babu yako