Pamba Niliyoisukuma Sikioni Mwako

Kwako Doto, pacha wangu uliyelazwa Mbeya,

Barua hii naipiga picha na kuituma kwenye simu ya Mama akusomee, maana wewe hata ukiwa mzima unadonoa herufi kama kuku. Akae upande wa kushoto. Sikio la kulia tuliache kwanza.

Sasa hivi hapa Ikola hakuna anayejua sikio kunizidi. Yule daktari wa Mpanda alinichorea kwenye karatasi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kachumba ka hewa, ndani yake vifupa vitatu vimeshikana. Kuna kamrija kanashuka hadi nyuma ya pua, ndiyo maana tukizama kunasua nyavu masikio yanaziba, ukimeza mate yanafunguka. Na kwa nyuma kuna kanjia kanaingia kwenye mfupa ule unaoushika nyuma ya sikio. Ulidhani mgumu wote? Umejaa vitundu vya hewa kama sega lisilo na asali.

"Usaha ukizibiwa pa kutokea, unarudi humo," akaniambia.

Nikacheka, Doto. Sijui kwa nini nilicheka.

Unakumbuka ile siku kwenye chanja za dagaa? Sikio lilikuwa linatoa usaha wiki ya pili. Semeni, tuliyekuwa tukianika naye, akakutania, "We Doto, kaa kule, unawanukia dagaa wetu!" Watu wakaangua kicheko, ukainamisha kichwa. Nikakuita, "Njoo kwa dokta Kulwa." Nikachovya pamba kwenye mawese ya uvuguvugu, nikaisukuma na kijiti.

"Inauma, Kulwa."

"Kaza, mwanaume wewe."

Harufu ikakata kweli. Nilitamba kijiji kizima. Siku ya nne nyuma ya sikio pakavimba, sikio likasukumwa mbele kama la popo, ukawa unachemka homa.

Tulipofika Mpanda, daktari alipoichomoa ile pamba aliuliza, "Nani kaweka hii?" Nikajibu haraka, "Kaweka mwenyewe." Mama akakugombeza mpaka gari la wagonjwa la kuwapeleka Mbeya linaondoka, nawe hukunitaja.

Kesho wanaupasua huo mfupa. Hapa hakuna wa kumtambia.

Mama, hapa usiruke, soma kwa sauti: pamba niliweka mimi. Mwanao alikuwa anavumilia tu. Mwombe radhi leo kwa kumgombeza bure, kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji.

Pacha wako niliyekutangulia kuzaliwa,
Kulwa