Mizani Tatu za Kanana

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Baba ametutoka jana. Kikao cha mazishi kimefanyika kwa kaka yangu Mithika, hapa Kinoru. Kanipa kazi – wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili, andika shairi la programu. Watoto watajwe wawili tu, yeye na mimi. Wa Embu asiguswe!

Wa Embu ni Kanana, yuko kidato cha nne. Miaka miwili baba aliniletea mazoezi yake ya ushairi nisahihishe. "Mtoto wa rafiki yangu, wa mtaa wa Dallas kule Embu," alikuwa akisema. Nikamfundisha mizani na vina kwa kalamu nyekundu, bila kumwona. Mwezi uliopita, wodini, ndipo baba aliponiambia ni dada yangu. Nilikasirika. Bado nina hasira – sijui ni kwa nani hasa.

Jumanne, 5 Agosti
Tarbia. Mishororo minne, nane kwa nane. Kuhesabu kwa vidole kunanizuia kulia. Kibwagizo kimekuja chenyewe:

Baba lala kwa amani, watoto wako twalia.

Ubeti wa mwisho ndio unaotutaja: Mithika nami twanena, wako tuliobakia. Mizani ziko sawa, vina vimekaa. Lakini twanena nini? Ni neno la kujaza nafasi. Mwanafunzi wangu ningemkata alama.

Jumatano, 6 Agosti
Kanana kapiga simu. Sauti ya adabu. "Mwalimu, si lazima nikae na familia. Nitajwe tu." Nikamwambia jina lake limekataa kuingia, mizani zinazidi. Mimi! Nimefundisha ushairi miaka kumi na tisa!

Akaomba nimtumie huo mshororo kwa WhatsApp. Nikatuma, mjinga mimi.

Hazikupita dakika mbili. Kaondoa "twanena", kaweka jina lake: Mithika nami, Kanana. Nane. Kina kile kile. Chini kaandika: "Ulinifundisha nihesabu kwa sauti. Nimehesabu mara tatu."

Naona aibu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia Mithika ni neno moja tu la kubadilisha. Kawaka. "Karimi, wacha hizo poem zako! Jina likiwa kwa programu, kesho wanaenda nayo court. Shamba ya baba itakatwa katikati!" Na programu zimeshachapishwa, mia tatu. Mke wake akasema tuombe. Tukaomba. Sikusikia hata neno.

Ijumaa, 8 Agosti
Shambani kwa baba. Naandika nyuma ya programu, hema la kwanza. Ibada imeisha, sasa ni salamu za familia.

Kanana amekuja na mama yake, Wambeti. Nimemjua mara moja – ana paji la uso la baba. Wamewekwa hema la mwisho, karibu na sufuria za wapishi. Yunifomu yake imepigwa pasi vizuri. Ana programu mkononi, ameifungua ukurasa wa shairi. Vidole vinatembea juu ya goti. Anahesabu.

Mithika kaniinamia. "Soma vile imeandikwa."

Emsii ameshika maiki – sasa tumkaribishe binti wa pekee wa marehemu. Watu wanageuka kunitazama. Kanana hajainua kichwa.

Nimeikata "twanena" kwa kalamu. Limebaki pengo la mizani tatu, na Mithika ameniona.