Tao la Machungwa, Utange

Baba,

Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia haya.

Michungwa yako haipo tena. Mwezi wa tatu tangu tukuzike, Katana alileta watu wa msumeno ili ajenge vyumba vya kupangisha. Aliniuliza kwanza, akasema chumba kimoja kitakuwa changu, nami nikanyamaza. Usimlaumu kaka peke yake. Mama, ambaye macho yake sasa yamezima kabisa, aliposikia mngurumo nilimwambia ni kwa jirani.

Kisha ikafika sikukuu ya mavuno. Wazee wa kanisa wakaja: "Kadzo, tao la mlangoni ni la nyumba yenu." Ningekataaje? Miaka yote ulilisimamisha wewe, makuti mabichi yamesukwa, machungwa kwa ndimu yananing'inia toka chini hadi juu, hata wapita njia wakisimama kutazama. Mimi nilikuwa nikikupokeza matunda, nawe ukinitania kwamba nala mengi kuliko ninayokupa. Kila tunda ulilikata kwa kisu pamoja na kikonyo chake, ukalifunga kwa ukindu. "Chungwa halitobolewi," ukisema. "Ukilitoboa umeliua."

Nikanunua machungwa soko la Kongowea. Yalikuwa hayana vikonyo, ningeyafunga wapi? Nikayatoboa kwa waya, Jumamosi mchana kutwa. Jumapili maji ya machungwa yalikuwa yakichuruzika mlangoni, nyuki wamejaa, na waumini wakaingilia mlango wa nyuma. Nilitamani ardhi inimeze.

Unajua desturi yetu: ibada ikiisha, matunda ya tao hupelekwa nyumba iliyofiwa mwaka huo. Mwaka huu nyumba hiyo ni yetu. Akina mama walikuja na kikapu wakiimba, wakakiweka mapajani mwa Mama. Akachukua chungwa moja, akalinusa, akapapasa mahali pa kikonyo. Kidole kikakuta waya.

Alingoja wageni waondoke. Kisha akasema, "Kumbe siku ile msumeno ulikuwa kwetu."

Tangu hapo hasemi nami. Chakula anapokea, mkono wangu anausukuma. Naumia, Baba, na najua nimejitakia.

Kwaheri, mzee wangu, pumzika. Ahadi yangu ni moja: sitamdanganya Mama tena. Siku atakayofungua kinywa aniulize kama mimi pia nilitaka miti ikatwe, nitamjibu ndiyo.

Binti yako,
Kadzo