Nchi niliyoipunguza mara mbili

Alhamisi, saa kumi alasiri. Upepo wa Oktoba umeamka na hasira zake. Vumbi limeingia dukani, limeingia kwenye mashine ya fotokopi, na sasa hivi liko kwenye meno yangu. Naandika kwa haraka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa mnisamehe.

Leo nimeogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa.

Nianze na upumbavu wangu, maana ndiko mambo yote yalikoanzia. Mimi jiografia sikusoma. Elimu yangu nimeipata nikisubiri karatasi zitoke kwenye mashine: nasoma kila kinachopita, mitihani, hati za viwanja, barua za talaka, hotuba za waheshimiwa kabla wenyewe hawajazisoma. Na kwa miaka mingi nimewaambia wateja kwamba Uingereza na Tanzania zinalingana. Ushahidi nilikuwa nao. Nilipima kwa rula kwenye atlasi ya shule: Uingereza imejaza ukurasa mzima, Tanzania imejaza ukurasa mzima. Nani angebisha?

Alibisha Mwalimu Rehema, leo saa nne asubuhi, alipoleta mtihani wake nimtolee nakala.

"Mzee wangu," akasema, anacheka mpaka ameshika meza, "wewe umepima kurasa. Nchi hujaipima hata moja!"

Akanionyesha pale chini ya ramani kuna skeli, yaani kipimo cha kukwambia sentimita moja ya karatasi ni kilometa ngapi za ardhi. Kila ukurasa una ya kwake. Akachora Uingereza upya kwa skeli ya ukurasa wetu, akaikata kwa mkasi, nikaiweka juu ya Tanzania. Ikaingia mara moja, mara mbili, mara tatu, na nafasi ikabaki. Nilifurahi kama mtu aliyeongezewa kiwanja.

"Usifurahi sana," akasema. "Watu wao wametuzidi. Sisi nchi kubwa, watu wachache. Katikati hapo ni pori tupu."

Halafu akaigonga mashine yangu kwa kiganja. "Hata hii ukiiambia ipunguze ramani, skeli ya namba imeshakufa."

Nadhani hakuona nilivyokaa chini.

Wiki iliyopita binti yangu Zuhura alipata kazi ya muda kwenye mradi wa maji: kuhesabu kaya vijijini upande wa Haneti. Wako makarani sita. Walipewa ramani moja ya zamani, kubwa kama foronya ya mto, wakaja kwangu kila mtu apate yake. Mashine yangu haimezi karatasi ile. Nikaitoa nusu nusu, nikipunguza, nikaunganisha nusu mbili kwa gundi, nikapunguza tena ili iingie kwenye karatasi ya kawaida. Chini kulikuwa na kamstari kenye vipimo vya kilometa. Kalikuwa kananibania nafasi, nikakakata. Kisha niliona ramani imebaki uchi, nikachukua kalamu nyeusi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri ile namba iliyokuwa kwenye ramani kubwa: 1:50,000.

Kwa mapambo.

Nakala sita. Nilisifiwa hata.

Jana usiku Zuhura alinipigia kutoka Haneti, anajiamini kama mkuu wa wilaya. "Baba, kitongoji changu cha kwanza nimekipima. Sentimita kumi na nane. Kilometa tisa tu, nafika kabla jua halijawa kali." Nikamwambia vizuri sana, mwanangu.

Si tisa. Nilipunguza mara mbili, kila urefu ukabaki nusu yake: ni kumi na nane.

Lakini si urefu ulionitisha. Ana miguu, atatembea. Kilichonitisha ni hiki: atakapomaliza kilometa tisa asikute nyumba, atadhani amekosea njia. Ataiacha njia sahihi aanze kutafuta. Peke yake, na chupa moja ya maji.

Nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena, kana kwamba yule mama wa kwenye simu angebadili mawazo. Nikampigia Ndahani, mwenye duka pale Haneti, aliyempa chumba.

"Ameondoka saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Nikamwambia mwanangu, chukua baiskeli. Akasema mzee, ni karibu, ramani inaonyesha."

Nilimweleza. Akasema anapanda baiskeli mwenyewe na dumu la maji.

Kuanzia hapo hadi saa tisa sikujua la kufanya na mwili wangu. Wateja walikuja, nikawapa nakala zilizopinda. Kile kikaratasi cha Uingereza kilikuwa bado kimelala juu ya atlasi. Asubuhi nilitaka nchi iwe kubwa. Saa saba mchana nilikuwa naomba iwe ndogo, iwe kama nilivyoichora mimi, iingie kwenye karatasi ya kawaida.

Saa tisa na robo simu ikaita, namba ya Ndahani. Sauti imekauka, lakini ni yake.

"Baba, ramani yako hii ifungie vitumbua!"

Nikalia mbele ya mteja. Alikuwa ameiacha njia, kama nilivyoogopa, akazunguka vichakani mpaka maji yakamwishia. Akasikia mbwa, akaufuata mlio, akakuta kaya saba ambazo ramani haina. Pale kwenye karatasi pana weupe tu. Wamempa maji na kivuli, na Ndahani amemkuta hapo akiulizia majina ya watoto na kuyaandika. Watu wachache, Mwalimu alisema. Wachache hao ndio wamenirudishia mtoto.

Nikashukuru Mungu, nikafuta macho, nikageuka kupanga karatasi. Juu ya rafu ilikuwepo nakala iliyoharibika, ya majaribio, na namba yangu nzuri kwa kalamu nyeusi.

Nakala zilikuwa sita.

Hapa niseme ukweli, maana uongo niliouandika kwenye ramani unatosha. Tangu saa nne asubuhi wale watano sikuwakumbuka hata kidogo. Kichwani nilikuwa na mtoto mmoja tu, wangu. Wao wana baba zao, na baba zao hawajui hata kwamba kuna cha kuogopa.

Nimempigia msimamizi wao. Alinifokea, na ana haki. Watatu wamesharudi, wamechoka na wamekasirika. Ametuma pikipiki kuwatafuta waliobaki.

Kesho napanda basi la kwanza kwenda Haneti na rula na kalamu nyekundu, nizifute zile namba moja moja, na nitasimama mbele yao niseme ni mimi. Leo nimekaa hapa karibu na simu, naandika ili mikono iwe na kazi. Jua linashuka upande wa Mkonze, magharibi mwa mji.

Wawili bado.