Kadi ya Krismasi Isiyo na Jina Langu

Geeske, shoga, uko hapo? Acha unachofanya.

Nimetoka kwa Bi Aaltje, yule mteja wetu mwenye bekari. Kadi za Krismasi amezitundika kwenye uzi juu ya kaunta, na ya kampuni yetu iko katikati. Nikaifungua niione, maana mimi nililetewa bahasha zimeshafungwa, nikabandika stempu tu.

Wamesaini wote. Bosi Hylke, Joris, Wietske, hata dereva aliyeanza juzi. Jina langu hamna.

Hamna, Geeske. Nimeangalia mpaka nyuma.

Bi Aaltje ananiambia, "Nilidhani umeshaacha kazi, mwanangu. Nikasema, mbona hajaja kuniaga?"

Kumuaga. Mimi.

Nikarudi ofisini nikamuuliza Hylke. Hata usoni hakuniangalia. "Aa, siku ile tunasaini si ulikuwa unaumwa?"

Shoga, unajua sijaumwa tangu Pasaka. Siku ile alinituma yeye mwenyewe mji wa Zwolle, nikachukue bomba, kumbe lilikuwa limeshaletwa.

Sasa nakuandikia nimejifungia chooni. Nimepita mezani kwa Wietske, akafunika kitu kwa mkono haraka haraka. Nimekiona. Ni kadi, ina maua, haina nyota wala mti wa Krismasi. Joris kasimama pembeni na kalamu, anasubiri zamu yake.

Birthday yangu ni Juni, Geeske.

Na hapa ofisini kadi huzungushwa meza zote, isipokuwa ya yule anayeandikiwa.

Kwangu haijafika.